Mwalimu Blandina Akataa Kufungiwa Kazi Yake

Mwalimu Blandina Usboko alifundisha hisabati katika shule ya Oenaem, kwenye vilima vya kisiwa cha Timor. Alikuwa mwalimu wa mkataba. Kila Desemba Mkuu wa shule huamua nani abaki na nani aondoke.

Asubuhi moja ya Desemba alikula mahindi na maharage ya jana, akamwachia mumewe Egidius sehemu yake, akapanda pikipiki. Alipofika shuleni aliwakuta walimu wamejazana ofisini. Kompyuta zote zilionyesha maneno yaleyale: "Muda wako wa majaribio umekwisha. Lipia ili uendelee."

Programu hiyo iliitwa Guru Juara. Ililetwa na kijana mmoja wa kampuni, mwenye viatu vya kung'aa. "Ni bure kabisa, walimu wangu," alisema siku ile. Walimu walifurahi. Waliandika humo masomo, mitihani na alama zote za watoto. Sasa ilikuwa imefungwa, na kazi zao zimo ndani. Ripoti za wanafunzi zilitakiwa kabla ya Krismasi.

Mkuu wa shule, Bwana Herminus Naisoko, aliingia.

"Msihangaike," alisema. "Nitaita mkutano. Wazazi watachanga. Mtoto ambaye hajachangiwa atakaa nje ya chumba cha kompyuta, na ripoti yake itasubiri."

"Mkuu," alisema Blandina, "baba yake Selfi Kolo yuko Malesia kwenye mashamba ya michikichi. Hajatuma kitu tangu Pasaka. Selfi naye akae nje?"

"Dunia ndivyo ilivyo, Mwalimu. Si mimi niliyeiumba."

"Dunia hukuiumba. Lakini hilo la kukaa nje umelitunga sasa hivi."

Walimu wengine waliinamisha vichwa. Mkuu alimgeukia Blandina.

"Unakumbuka mkataba wako unaisha mwezi huu?"

"Nakumbuka. Na mtoto simtoi nje. Alama nilizitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa nizinunue tena?"

"Basi utafanyaje?"

Blandina hakujua. "Ripoti zangu zitakuwa tayari," alisema, akachukua mkoba wake.

Jioni alimkuta Egidius akifunga ng'ombe. Alimweleza yote.

"Umemjibu Mkuu hivyo mbele ya watu?" aliuliza Egidius.

"Ndiyo."

"Vizuri. Na Januari tutakula nini?"

Walicheka, lakini si sana. Egidius alikaza kamba, akasema, "Kule mjini Kefa, karibu na soko, kuna kibanda. Wanauza programu kwenye flashi kwa bei ya sahani ya wali."

"Hizo ni za wizi, baba. Mwalimu Frans alinunua pale. Kompyuta yake ikaugua, picha za ubatizo wa mwanawe zikapotea zote."

"Basi nenda kwa Sista Gaudensia. Akishindwa yeye, uza ng'ombe huyu."

Sista Gaudensia alifundisha shule ya misheni, ng'ambo ya mto. Kompyuta alizijua kuliko mtu yeyote katika vilima vile. Kesho yake Blandina alimkuta akilisha nguruwe, midomo imekolea rangi ya tambuu.

"Umekuja na sura ya kesi," alisema Sista. "Kaa. Tafuna kwanza."

Blandina alitafuna, akasimulia. Mwishowe akauliza, "Nilikosea wapi, Sista? Walisema ni bure."

"Walikuonjesha tu. Dukani ukionjeshwa jibini, duka halijawa lako. Kuna programu nyingine, watu wamezitengeneza wakaziachia wote. Unazitumia, unazinakili, unampa mwenzako. Haziishi muda hata siku moja. Na si wizi, kwa sababu wenyewe wameruhusu."

"Na zile za kibandani?"

"Zile zimevunjwa kufuli. Mtu aliyevunja kufuli la mwenzake, unadhani hakuacha mdudu wake ndani? Virusi huingilia hapo."

Sista alinawa mikono, akafungua kompyuta yake. "Hii ni LibreOffice. Hapa unaandika mtihani. Hapa unatengeneza jedwali la alama, lenyewe linajumlisha na kutoa wastani."

"Itanilia bando?"

"Inapakuliwa mara moja, nami nimeshaipakua. Lete flashi. Ukishaiweka, unafanya kazi bila intaneti. Ila siku nyingine ukipakua mwenyewe, pakua kwenye tovuti yao, usifuate kila tangazo linalokuita."

Blandina bado alikuwa na shaka. "Na nao wakija kunifungia?"

"Hilo ndilo swali ulilotakiwa kumuuliza yule mwenye viatu," alisema Sista. "Usiingize kazi yako popote kabla ya kuuliza: siku nikitaka kuondoka, nitaondoka na kazi yangu? Hapa faili linakaa kwenye kompyuta yako. Weka na nakala kwenye flashi. Halafu flashi usiitie katika mkoba mmoja na kompyuta, maana mwizi hachagui."

Kisha alimwonyesha GeoGebra, programu ya kuchora maumbo ya hisabati, ambayo ni bure kwa walimu na wanafunzi. Blandina alichora pembetatu. Alivuta ncha moja, na pembe zote zikabadilika mbele ya macho yake. Miaka yote alikuwa akifuta ubao na kuchora upya.

"Nipe na hiyo," alisema.

Jumatatu aliwaambia wanafunzi wake, "Leteni karatasi zote za mitihani nilizowarudishia." Walizileta. Nyingine zilikuwa zimekunjwa, nyingine zilinuka samaki. Blandina aliandika alama upya kwenye jedwali, na kila mwanafunzi alihakiki zake.

"Hapa umeniandikia sitini, Mwalimu," alisema Selfi. "Karatasi inasema tisini."

"Mbona hukusema mia kabisa?" Darasa likacheka, naye akasahihisha.

Mkuu alipita dirishani. "Vya bure huokotwa jalalani," alisema.

"Karibu uokote nawe, Mkuu," alijibu Blandina bila kugeuka.

Siku ya mkutano wazazi walijaa darasani. Mkuu alieleza mchango. Watu wakaguna. Blandina alisimama.

"Wazazi, ripoti za darasa langu ziko tayari. Sikulipa, wala sikuiba. Naomba niwaonyeshe nilichotumia."

"Mwalimu, kaa chini," alisema Mkuu.

"Nitakaa nikimaliza."

Alitundika shuka jeupe, akaunganisha kompyuta na mashine ya kuonyeshea picha. Kwenye GeoGebra alichora ndoano moja, kama zile zinazofumwa kwenye vitambaa vya Timor. Akaigeuza upande wa pili. Akaigeuza tena, chini. Ndoano zikawa nne, zikakumbatiana.

Mama yake Selfi, mfumaji, alisogea mbele. "Hiyo ni ya kwetu," alisema taratibu. "Nafuma hiyo tangu sijaolewa."

"Ndiyo hisabati tunayosoma, Mama. Inaitwa uakisi. Selfi anaifanya vizuri sana."

Mama Selfi aligeuka kumtazama Mkuu. "Na huyu mwanangu ndiye ulitaka akae nje?"

Mkuu alikohoa. "Mama, programu za bure haziaminiki. Zaidi ya hayo, mwalimu huyu mkataba wake unaisha."

"Programu yako ya kulipia ndiyo imekula alama za watoto," alisema mzee mmoja nyuma. "Ya mwalimu imezirudisha. Sisi hatuchangi. Na mkataba wake ukiisha, utafundisha hisabati wewe?"

Mikono iliponyooshwa, hakuna aliyeunga mkono mchango.

Wiki hiyo walimu wengine walikuja mmoja mmoja na flashi zao. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Frans. Blandina aliwawekea LibreOffice, akawafundisha jedwali. Waliwaomba watoto karatasi zao, wakafanya kama alivyofanya yeye. Ripoti zote zilitoka kabla ya Krismasi, na hakuna mtoto aliyesubiri.

Kijana wa kampuni alirudi na viatu vyake. "Tutawapunguzia bei," alisema.

"Kwanza turudishie kazi zetu," alisema Blandina.

"Mfumo hauruhusu, Mwalimu."

"Basi na sisi haturuhusu." Akamwonyesha njia ya kwenda barabarani.

Siku ya mwisho ya muhula Mkuu alimwita ofisini. Karatasi ya mkataba mpya ilikuwa mezani, imetiwa sahihi. Aliisukuma kwa kidole.

"Usidhani nimesahau ulivyonijibu," alisema.

Blandina aliisoma karatasi yote, polepole, kisha akatia sahihi yake.

"Wala mimi sijasahau, Mkuu. Jumamosi saa tatu nafundisha walimu kutengeneza mitihani. Kaa mbele, maana macho yako hayaoni mbali. Na ulete kompyuta yako."