Vifungo Ishirini vya Babu

Tik! Kitu kidogo kilianguka sakafuni. Alfajiri ilikuwa bado na giza, lakini Chiriku alijua ni kifungo. Babu yake, fundi cherehani, alikuwa ameanza mazoezi.

Chiriku alikuwa darasa la tano, na jina hilo alipewa kwa kupenda kuongea. Tangu babu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kama si wake. Daktari wa mazoezi alimwagiza aokote vifungo ishirini kila siku, kimoja kimoja, avitie koponi. Mkono ungekataa, cherehani ingebaki imefunikwa daima.

Chiriku aliwasha taa. Alimkuta babu anatiririka jasho.

"Lete, babu. Mama asijue."

"Haya, tuibe pamoja," babu alijibu, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

Tik, tik, tik! Vifungo viliingia koponi kama mvua. Katika chumba cha pili, mama alisikia, akasema, "Mungu ni mwema, mkono umefunguka!"

Siku ya kliniki, mama alimsimulia daktari kwa furaha. Daktari aliweka kifungo kimoja mezani. Babu alikisukuma huku na huku. Vidole havikukamata kitu. Machozi yalimlengalenga mama.

"Ni mimi niliyekuwa naviokota," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwonea huruma."

Daktari hakumgombeza. "Mkono huu ni kama mtoto anayejifunza kutembea. Ukimbeba kila siku, atatembea lini? Ahsante kwa kusema kweli. Sasa tunajua pa kuanzia."

Tangu siku hiyo Chiriku alikalia mikono yake, isije ikamponyoka. Wiki ya kwanza, vifungo viwili. Wiki ya nane, ishirini! Babu akaifunua cherehani, lakini kwanza aliomba sindano ya mkono na shati la shule la Chiriku lililokosa vifungo. Alishona asubuhi nzima. Kifungo kilikaa upande kidogo. Mama alikibusu.

"Ahsante kwa mikono yako, mjukuu wangu," babu alisema, "na ahsante zaidi kwa kuizuia. Huruma isiyo na subira humlaza mgonjwa."

Akachukua kifungo cha pili. Tik! Kikaanguka miguuni pake. Akainama kukitafuta.

"Taratibu tu, babu, nitakungoja," Chiriku alisema.