Siagi Isiyoyeyuka

Hadithi hii aliisimulia kwanza baba yangu, Padam, kando ya tanuri la kukaushia iliki, katika msimu wa mwisho wa iliki aliouona. Tulikuwepo mimi na kaka yangu. Mama hakuwepo, baba alingoja kwanza atoke kwenda kukamua. Ninaiandika kwa kinywa chake, na sijaongeza kitu.

Mwaka ule, alisema, ndio kwanza kijiji chetu kilikuwa kinapanga safari ya kuwaonyesha wageni habre. Kwetu alikuwa mnyama tu wa msituni, mwekundu, mkia wa pete pete, hula majani ya mwanzi na kulala juu ya miti. Wageni humwita panda mwekundu. Wazee walimwona wakapita zao. Sasa watu walitaka kuvuka bahari waje kumtazama amelala.

Tulikutana shuleni kupanga. Njia ya kupitia, nani abebe mizigo, nani apike. Mimi nilipewa kuongoza, kwa sababu nilikuwa najua vinyesi vyake, nikiviona naweza kusema ni vya leo au vya juzi. Likabaki moja: wageni walale wapi.

Mama yenu alikuwa ameshaikandika nyumba upya, udongo mwekundu chini, mweupe juu. Alikuwa ameshona magodoro. Siku ya kikao alikaa mbele kabisa, amevaa shanga zake za harusi.

Kikao kikaamua wageni walale kwa kaka yangu Jasbir. Ana bati jipya. Ana choo chenye mlango.

Tulirudi pamoja mpaka darajani.

"Wanakuja kumwona habre au kuona choo?" mama yenu aliuliza.

"Birmati."

"Nauliza tu. Anayemjua habre analala kwangu. Mwenye mlango wa choo ndiye apewe wageni."

"Mke wa Jasbir ni dada yako."

"Dada yangu, sikatai. Dada yangu na bati lake, na nyati wake wa maziwa, na wanawe walioko jeshini. Alikuwa amebaki habre. Na yeye kamchukua."

Kisha akacheka.

Tangu siku hiyo hakulalamika tena. Kila jina la shemeji yangu Sancharani lilipotajwa, alicheka kidogo, akaendelea na kazi yake. Angelia, nisingeogopa.

Siku ya mwisho kabla ya wageni kufika, Jasbir na mkewe waliteremka mpaka inapoishia barabara ya magari. Wangelala huko, wawapokee asubuhi na kupanda nao. Mimi nilishinda msituni. Nikampata habre niliyekuwa nikimtafuta, jike na mtoto wake, wamejikunja juu ya mwaloni mkongwe ulio juu ya chemchemi. Ndevu za miti zinazoning'inia matawini zilikuwa zimewafunika nusu. Nikajua hawatahama upesi. Mwanzi pale ni mwingi na maji yako karibu.

Sisi wafuata nyayo tuna mwiko mmoja. Mahali alipo mnyama hapatajwi ndani ya nyumba, mbele ya moto. Hutajwa asubuhi, njiani. Sikumwambia mtu.

Giza lilipoanza kuingia niliteremka na mzigo wa kuni, niuache barazani kwa Jasbir, wageni wasije wakakosa moto. Ukungu ulikuwa mzito. Nikatua mzigo. Mlango ulikuwa na kufuli. Nililishika kwa mkono wangu kuhakikisha limefungwa.

Lilikuwa limefungwa. La baridi, lenye maji ya ukungu.

Mbwa wao hakunibwekea. Alikuwa amejikunyata chini ya ghala, mkia kati ya miguu, anatazama njia iendayo kwangu.

Nikaifuata njia ile.

Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti ya mama yenu. Anacheka. Si kile kicheko chake kidogo cha siku zile. Cha kirafiki, cha chini chini. Na kati ya vicheko nikasikia mtu ananyonya mrija.

Fyooo... fyooo...

Nikasikia harufu ya pombe ya ulezi. Na nyingine chini yake, kama nywele zilizoungua.

Niliingia. Karibu na moto, mahali pa mgeni, alikuwa amekaa shemeji yangu Sancharani. Shali lake la kijani kichwani, mgongo mlangoni. Mbele yake kulikuwa na tongba, kile chombo chetu cha mti, kimejaa ulezi uliochacha. Mama yenu alikuwa amekipaka siagi mdomoni, madonge matatu, kama inavyopakwa kwa mgeni wa heshima. Kilikuwa ni kimoja cha vile vyombo vipya alivyokuwa amewawekea wageni.

"Shemeji," nilisema. "Umerudi?"

"Nimerudi."

Sauti ilikuwa yake. Hakugeuka.

"Kaka yuko wapi?"

"Nyuma."

Mama yenu alichukua birika akamwagia tongba maji ya moto. "Kunywa, dada. Kunywa, ukiisha nitaongeza."

Mnajua wenyewe. Mwenye nyumba hawezi kuacha kuongeza maji mpaka mgeni mwenyewe akifunike chombo kwa kiganja. Ni aibu. Mama yenu akamwaga. Yule akanyonya. Mama yenu akamwaga tena. Birika likaisha, akalijaza, akalirudisha motoni, likachemka, akamwaga.

Chombo hakikufurika.

Wala ulezi haukupauka. Ulezi ukimwagiwa mara kadhaa hupoteza ladha, mtu akasema basi. Yule hakusema basi. Mikono yake ilikuwa ndani ya shali. Alikuwa ameinama tu, mrija mdomoni.

Fyooo...

Nikatazama mdomo wa chombo. Mvuke ulikuwa unapanda, maji yanachemka humo ndani, na yale madonge matatu ya siagi yamesimama kama yalivyopakwa.

Siagi haikuyeyuka.

Nilimwinamia mama yenu. "Umemtolea Yuma?" nilinong'ona. Kwa sababu kabla mgeni hajanywa, mwenye nyumba huchovya kidole na kurusha matone motoni, fungu la bibi yetu aliyetutangulia wote. Hata mtoto anajua.

"Sikupata nafasi. Aliingia akiwa na kiu."

"Mlango ulimfungulia wewe?"

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto. "Alikuwa amekaa," alisema. "Nilikuwa namuwaza, nikageuka, alikuwa amekaa."

Yule akauacha mrija.

"Padam," akaita, pole pole. "Yuko mti gani?"

Shemeji yangu hajawahi kuniita kwa jina. Huniita babu, kunitania.

"Yuko mti gani... na mwanawe?"

Mtoto sikuwa nimemtaja kwa mtu.

"Mwambie," mama yenu alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na mdomo unatabasamu. "Mwambie dada. Wageni ni wake. Habre ni wake. Kila kitu ni chake, mwambie tu aondoke."

Mwiko wangu niliushika kwa namna moja tu niliyoiweza. Nilidanganya.

"Kwenye msonobari uliopigwa radi," nilisema. "Juu ya malisho ya zamani."

Moto ukatoa cheche.

Kisha yule mgeni akautoa mkono mmoja kutoka kwenye shali, akafunika tongba kwa kiganja. Nikauona mkono ule kwenye mwanga wa moto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, na juu ya kifundo cha mkono palikuwa na kovu refu la mundu.

Mnaufahamu mkono huo. Ndio uliowalisha.

Ulikuwa mkono wa mama yenu.

Nikamgeukia mama yenu. Alikuwa ameshika birika kwa mikono yake yote miwili, kovu lake mahali pake, kidole chake mahali pake. Nilipotazama tena, mahali pa mgeni palikuwa patupu. Mlango haukulia. Nikainua kile chombo nikakimwaga sakafuni. Ulezi ulianguka mkavu, kama uliotoka ghalani.

Mama yenu akasema ana kiu. Akanywa maji ya mtungi wote.

Asubuhi wageni walifika, watatu, wamechoka na wana furaha. Jasbir alikuwa mbele. Shemeji alikuja nyuma kabisa, amejiziba mdomo kwa shali la kijani. Alipolishusha, wanawake waliopokea mizigo wakarudi hatua. Midomo yake ilikuwa imevimba, ina malengelenge, na ulimi pia. Hakuweza kusema.

"Alilala vizuri tu," Jasbir alisema. "Hakunywa kitu cha moto. Akaamka hivi. Anasema kwa ishara kwamba aliota anakunywa na mtu hataki kuacha kummwagia."

Mama yenu alisimama pale, shanga shingoni.

"Pole, dada," alisema. "Sasa utawapikiaje wageni na hali hiyo? Waje kwangu. Magodoro yapo."

Walikuja. Nani angekataa? Nyumba ilikuwa safi, mama yenu akahudumu vizuri, wageni wakamsifu. Nilimwona anapita na sahani akiimba.

Nikawapandisha kwenye mwaloni. Jike alikuwepo na mwanawe, wekundu kama kaa la moto katika ukungu, wanatutazama bila haraka. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alilia. Alishika mkono wangu akasema kitu cha lugha yake. Nilipaswa kufurahi.

Wakati wa kurudi niliwatanguliza na wabeba mizigo. Mimi nikapitia malisho ya zamani.

Msonobari ule ulikuwa umechunwa. Kuanzia mizizini mpaka juu, mbali kuliko mkono wa mtu unavyofika, gome lote limeng'olewa, na mti mweupe ndani una mistari ya kucha, minne minne, na wa tano umepinda. Chini palikuwa na majani ya mwanzi yaliyotafunwa na kutemwa.

Na kwenye shina, usawa wa uso wangu, madonge matatu ya siagi. Jua lilikuwa linayapiga. Hayakuyeyuka.

Nilikwenda kwa mganga wetu, phedangma wa ukoo. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akachoma ubani wa msituni, kisha akasema, "Nahen."

Nahen ni wivu. Wakubwa wetu wanajua kwamba huo si hisia tu, una miguu.

"Wa nani?" niliuliza.

"Wivu hauna uso, mwanangu. Huazima. Ukimwonea mtu wivu sana, huvaa uso wake ukaja kukaa kwako, unywe vyako. Lakini mikono haiwezi kuazima. Mikono ni ya mwenyewe."

"Unatolewaje?"

"Mwenye wivu na anayeonewa wakae mkeka mmoja. Mwenye wivu aseme, mimi ndiye. Wamwage pombe pamoja. Nitafanya yaliyobaki. Kama hataki kusema, sina la kufanya. Wivu utakaa hapo ulipokaribishwa."

Nilitandika mkeka. Shemeji alikuja akakaa, midomo yake bado inavuja. Mama yenu alisimama mlangoni.

"Njoo ukae," phedangma alimwambia.

"Kwa nini nikae mimi?"

"Ni neno moja tu, binti. Ukilisema limekwisha."

"Mimi simwonei mtu wivu," mama yenu alisema. "Mwangalieni yeye. Wageni wamelala kwangu, akaumia mpaka midomo ikapasuka. Asiyejua nani mwenye wivu hapa ni nani?"

Shemeji aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akakunja mkeka, akaenda zake.

Na wageni wa habre hulala kwetu mpaka leo.

Hapo baba alinyamaza, kwa sababu mama alikuwa anarudi na ndoo ya maziwa. Hakuizungumzia tena.

Baba alifariki kabla iliki ya mwaka uliofuata haijakomaa. Phedangma alimtangulia. Baba mkubwa Jasbir alifariki mwaka juzi. Mama mkubwa Sancharani yu hai. Husema kwa kunong'ona, na hajawahi kunywa tena kitu chenye mvuke. Habre wa mwaloni hatujui alikoishia, ila mwanawe, au mwana wa mwanawe, bado huonekana juu ya chemchemi ile ile, na ndiye tunayewaonyesha wageni.

Mama yangu yu hai na ana nguvu. Kila jioni, wageni wawepo wasiwepo, huweka tongba moja mahali pa mgeni na kuipaka siagi, madonge matatu. Asubuhi mimi ndiye huosha vyombo. Ulezi huwa mkavu.

Siagi huikwangua kwa kisu.