Mgonjwa wa Mtihani

Foleni ya kulipia katika duka lile kubwa ilikuwa imejipinda hadi kwenye rafu za sabuni, na kila aliyesimama humo alikuwa amenuna. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani lenye vifungo vikubwa vyeupe alipoinama ghafla, akajishika chini ya mbavu za kulia na kutoa mguno uliowafanya wenzake wasogee nyuma badala ya kumsaidia.

"Nipisheni, tafadhali!" Kijana mmoja mrefu aliruka kikapu cha mtu, akapiga goti sakafuni bila kujali suruali yake nyeupe ya kazini. "Dada, unaumwa wapi?"

"Hapa."

"Yameanza lini?"

"Jana... nilipomaliza kula."

"Ulikula vya mafuta?"

"Sana."

"Yanapanda begani?"

Mwanamke akainua uso. Macho yalijaa machozi, lakini mdomo ulikuwa unacheka. "Yanapanda. Hongera, kaka, wengi hawaulizi bega. Ila hukujitambulisha, hukuniuliza jina, na mikono yako ni ya baridi kama umetoka kupanga samaki kwenye friji. Hapo ungekatwa alama."

"Alama za nini?"

"Za mtihani. Mimi kazi yangu ni kuumwa. Kesho nina mawe kwenye nyongo, na foleni hii ni ndefu, nikaona nifanye mazoezi."

Watu wakaangua kicheko. Kijana alisimama akijipangusa magoti, uso umemwiva kwa aibu. Angeweza kuondoka na hasira zake na hadithi ikaishia kwenye sabuni. Lakini kitu kimoja kilimganda masikioni: mwanamke huyu alijua wasimamizi wa mtihani wanatazama nini, na yeye mtihani huo ulikuwa umemwangusha mara mbili.

Alikuwa amesomea udaktari ng'ambo, akarudi nyumbani na shahada yake na begi la vitabu vizito, akakuta kwamba shahada peke yake haimruhusu hata kumfunga mtu bandeji. Aliyesoma nje sharti afaulu mtihani wa vitendo wa Baraza la Madaktari, kisha afanye kazi mwaka mzima chini ya uangalizi hospitalini, mshahara ukitoka wizarani. Ndipo apewe leseni. Mtihani wenyewe unafanywa kwa wagonjwa wa kuigiza, watu wazima wenye afya wanaolipwa kulalamika. Wakati akisubiri, aliuza dawa za kikohozi katika duka la dawa la mtaani kwao, na mwenye duka, mzee wa maneno, alimbandika jina la Dokta Subiri. Mwanamke naye kazini walimwita Bi Maumivu. Kuna majina yanayotafutana.

"Unajua unachoangukia?" Bi Maumivu alimwambia walipokutana mara ya pili, safari hii kwa kupanga. "Si elimu. Elimu unayo hadi inamwagika. Shida yako unaongea na mgonjwa kama unamsomea maandishi ya kwenye chupa."

"Nilijifunza kuongea na wagonjwa kwa lugha ya watu."

"Basi jifunze kwa lugha ya mama yako. Nitakufundisha. Lakini tuelewane, kesi za mtihani sikupi ng'o. Na Barazani nitawaambia siku yako mimi nisiwepo. Sitaki kupoteza mkate wangu kwa ajili ya macho yako."

"Macho yangu yana nini?"

"Nyamaza, uniulize ninaumwa wapi."

Masomo yalifanyika sebuleni kwa dada mkubwa wa Bi Maumivu, msusi wa nywele, ambaye tangu wiki ya kwanza alimwita kijana "shemeji" bila kumwuliza mtu ruhusa. Bi Maumivu alilala kwenye kochi, leo kifua, kesho figo, na akawa na mchezo mmoja mbaya: aliweza kuvunja somo katikati, akafumba macho na kusema, "Safari hii ni kweli." Daktari akashtuka, naye akacheka hadi akaanguka kwenye zulia.

Siku moja alimpigia simu dukani adhuhuri, sauti imekatika. "Njoo. Safari hii ni kweli." Kijana alimwacha mteja na chupa mkononi, akakimbia mitaa yote ile, akamkuta kizingitini anapaka rangi kucha za miguu.

"Una wazimu!" alifoka akihema. "Nimeacha duka!"

"Mgonjwa hakuambii kwamba anaigiza, laazizi. Lakini umekuja." Alimvuta kola, akamfuta jasho kwa kiganja. "Hiyo ndiyo alama ninayoitaka mimi. Za Baraza watakupa wenyewe."

Kijana alimpenda hapo, palepale, akiwa na hasira. Mapenzi hayana adabu, huingia hata pasipobishwa hodi.

Kisha redio ya dukani ikaleta habari. Wizara ilikuwa imepanga upya fedha zake za afya. Kuanzia mwaka unaofuata haitalipa tena mishahara ya mwaka wa uangalizi kwa madaktari waliosoma nje. Atakayefaulu baada ya hapo atajitafutia hospitali na kujigharimia mwenyewe. Mtihani uliokuwa mbele yao ndio wa mwisho wenye nafasi za kulipwa. Na zahanati ndogo za mitaani, kuanzia mwezi huo huo, zitafungwa Jumamosi na Jumapili, kwa kukosa fedha za kuwalipa wauguzi. Sehemu hiyo ya pili Dokta Subiri aliisikia kwa sikio moja tu. Ile ya kwanza ilimkata maini.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alikonda, ndevu zikaota ovyo, vicheko vikamwisha. Bi Maumivu akimletea chakula, alisema, "Weka hapo, mpenzi," bila kuinua macho. Alikuwa na baba aliyeuza shamba kumsomesha na ambaye sasa hakuuliza tena habari za kazi, kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko matusi. Mtihani ulipangwa Jumatatu.

Jumamosi jioni simu ililia. Alikuwa kwenye kurasa za moyo.

"Dokta." Sauti ilikuwa ndogo. "Tumbo."

Alicheka kidogo, kalamu ikiwa mdomoni. "Haya, Bi Maumivu. Yalianzia wapi?"

"Kitovuni. Sasa yamehamia chini, kulia."

"Umetapika?"

"Mara nyingi."

"Ukibonyeza ukaachia ghafla?"

"Hapo ndipo... mama yangu... hapo ndipo panaponiua. Dokta, siigizi. Safari hii ni kweli."

"Kidole tumbo," alijibu mara moja, kama mtoto anayejua jedwali lake la kuzidisha. "Asile, asinywe, apelekwe upasuaji haraka kabla hakijapasuka. Nimepata zote?"

Zilikuja pumzi tu, fupifupi, zinazogota mahali.

"Nimepata?" alirudia.

"Umepata," alisema yule mwanamke.

"Basi niache nisome, kipenzi changu. Jumatatu jioni nitakuwa wako mzima mzima."

Akazima simu. Alikaa akiitazama ile simu kwa muda. Kisha akapiga moyo konde, akarudi kwenye kurasa za moyo, na simu hakuiwasha tena hadi Jumatatu alasiri, alipotoka kwenye ukumbi wa mtihani akijua kwamba safari hii amefaulu. Alikuwa ameshika mikono ya wagonjwa wa uongo kwa mikono ya joto. Mmoja wao, mzee wa kiharusi cha kuigiza, alimnong'oneza, "Ahsante, mwanangu," kitu ambacho hakikuwa kwenye kesi.

Simu ilipowaka, ilitetemeka bila kukoma. Simu zote alizokosa zilikuwa za msusi.

Alimkuta saluni, amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono haina kazi. Hakusimama.

"Karibu, daktari," alisema.

Neno hilo lilimgonga kifuani. Mwaka mzima alikuwa shemeji.

"Yuko wapi, dada?"

"Hospitali kuu. Wamemfungua tumbo." Alimsimulia akiutazama ukuta. Mdogo wake alijikokota peke yake hadi zahanati ya mtaa, akakuta mnyororo mlangoni, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Akakaa pale chini kwenye ngazi, hadi mpita njia mmoja alipomtambua na kumpigia dada mtu. Walipofika hospitali kuu walikuta imefurika watu wa zahanati zote zilizofungwa. Kabla zamu yake haijafika, maumivu yalipungua ghafla. Akatabasamu, wakadhani heri. Kumbe kidole kimepasuka na usaha umesambaa tumbo zima. "Alikwenda, akarudi," msusi alisema. "Mara mbili walituita tumuage. Na kabla hajazimia aliniambia wewe ulikitaja kidole tumbo kwa jina lake. Kwenye simu. Ulimpa ugonjwa wake, ukakata."

"Dada, mimi nili—"

"Mimi si dada yako. Nenda kafanye mitihani."

Kila siku alikwenda hospitali, na kila siku msusi alisimama mlangoni mwa wodi, mikono kiunoni. Katika kungoja huko ndiko matokeo yalipomkuta, kwenye benchi la nje. Amefaulu. Nafasi za mjini zilikuwa zimefutwa. Zilizobaki zilikuwa za hospitali za wilaya za mbali, huko ambako madaktari wa hapa hawataki kwenda, na asiyeripoti upesi anapoteza. Baba yake alilia kwenye simu kwa furaha. Yeye alilia pia, baba akadhani ni kwa furaha ile ile.

Siku ya kuaga, msusi alishusha mikono kutoka kiunoni, akasogea pembeni. "Amekuita mwenyewe. Usimchoshe."

Bi Maumivu alikuwa amekonda, amebaki macho tu. Gauni la hospitali, la bluu iliyopauka, lilimning'inia mabegani, na nywele ambazo dada yake hakuwahi kuziacha bila kusuka zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa. Kitanda cha pili kililaliwa na wagonjwa wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kule.

"Umejitambulisha kwa muuguzi?" aliuliza kwa sauti ya makwaruzo.

"Nimejitambulisha."

"Umejifunza." Akatabasamu kidogo. "Nimesikia umefaulu. Nilijua. Keti."

Aliketi. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Sikiliza," alisema mwanamke. "Dada amekuchukia bure. Nimemwambia kosa ni langu. Nilikuchezea mno, ukazoea. Ungejuaje? Hata ningekuwa mimi nisingejua." Alinyoosha vidole juu ya shuka, vikamgusa. "Wameniambia nikipona vizuri naweza kusafiri. Huko unakokwenda kuna saluni? Dada amenifundisha kusuka kidogo. Kazi ya kuumwa siiwezi tena, mpenzi. Nimeshiba."

Mlango wa msamaha ulikuwa wazi mbele yake, na alichotakiwa ni kuinamisha kichwa na kuingia. Angesema "ndiyo, ulinichezea," wangelia pamoja, na msusi angemwita shemeji kabla jua halijazama. Alimtaka mwanamke huyu kuliko leseni, sasa ndipo alipojua, na kujua huko kulikuwa kumechelewa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile. Nilisikia pumzi zako. Mtu hawezi kuigiza pumzi zile, hata wewe. Nilipokuuliza kama nimepata, nilikuwa naomba useme ndiyo ili niendelee kusoma. Nilisikia, nikajua, nikachagua mtihani."

Vidole vilibaki juu ya mkono wake, lakini vilikuwa vimelegea. Mgonjwa mmoja wa kitanda cha pili akakohoa. Nje kigari cha dawa kilipita kikilia magurudumu.

"Ungeninyamazia tu," alisema mwanamke hatimaye. Machozi yalimtiririka pembeni, yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. "Nilikuwa nimeshakutafutia sababu. Nimelala hapa siku zote hizi nakutafutia sababu, nikaipata. Kwa nini umeninyang'anya?"

"Kwa sababu ungekuja kuishi nami."

Alifumba macho. Daktari alidhani amelala, au anataka aondoke. Lakini alipofumbua, sauti yake ilikuwa shwari, na ushwari huo ulimtisha.

"Nimekusamehe. Kweli kabisa. Uje kwangu hata ukiwa mzee wa mkongojo, nitakukaribisha ukae, nikupe maji. Lakini nikiumwa tena, sitakupigia wewe. Unanielewa? Nitampigia mtu yeyote. Nitampigia muuza mkaa. Na mimi siwezi kulala nyumba moja na mume ambaye siwezi kumwamsha."

"Nakuelewa."

"Basi nenda. Huko kuna watu wanasubiri daktari. Wao hawakujui, wataamka wakuite. Nawe uende."

Muuguzi alipita akigonga mlango kwa funguo, saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Daktari akasimama. Alitaka kumbusu, hakuthubutu. Akamnyooshea shuka mabegani. Katika kumwinamia alimwona anakunja uso, mkono ukienda upesi tumboni, juu ya jeraha.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Siumwi," alijibu, akamgeuzia uso ukutani.

Alisimama pale akimtazama, daktari mpya mwenye mikono ya joto, na hakuweza kujua kama ni kweli.