Mgeni wa Chumba Namba Sita

Jibu liliingia saa nne asubuhi, na kilichomshangaza Mastura ni kwamba bando lilikwisha tangu jana yake na kompyuta haikuwa imeunganishwa na kitu chochote isipokuwa umeme wa ukutani. Maneno yalijitokeza katikati ya kioo: "Ombi limepokelewa. Shadya Ayubu, chumba namba sita. Kitanda tunakitandika." Aliyasoma mara mbili. Lile la ombi kupokelewa aliliandika yeye. Habari za kitanda hakuziandika.

Mastura alikuwa mbunifu wa tovuti wa kujitegemea. Ofisi yake ilikuwa meza ya chakula nyumbani kwake Mabawa, na bosi wake alikuwa yeye mwenyewe, bosi mkali asiyejua likizo. Wiki hiyo alikuwa na kazi ya nyumba ya wageni huko Raskazone, jumba la enzi za Wajerumani lenye kuta nene na vyumba sita. Meneja wa pale, Tadeo, mtu wa Lushoto mwenye haraka zake, alimweleza waziwazi kwamba vinavyopangishwa ni vitano. Cha sita hakifunguliwi, na ufunguo wake anao Bi Mwatumu, mama mtu mzima anayelitunza jumba, ambaye kila Alhamisi hufukiza udi mlangoni pake. Tadeo akamwomba asikiweke kwenye tovuti.

Mastura alikiweka. Wabunifu wana maradhi yao, na ya kwake yalikuwa haya: nafasi tupu haivumilii. Picha za vyumba alizipanga tatu juu na tatu chini, na pale ilipokosekana ya sita ukurasa ulionekana kama kinywa kilichong'oka jino. Basi siku aliyokwenda kupiga picha alipenyeza simu kwenye mbao za dirisha la chumba kile, akalipiga picha giza lililokuwamo, na baadaye akalibandika mahali pake. Alijiambia ni la muda tu, atalitoa kabla ya kukabidhi kazi.

Ikaja zamu ya kuijaribu fomu ya kuombea chumba. Fomu zote alizowahi kutengeneza alizijaribu kwa jina la bintiye wa miaka saba. Shadya alikwisha kukodi magari, kuagiza majokofu na kukata tiketi za ndege bila kutoka Mabawa, na wao wawili, tangu Ayubu aende zake Dar kwa mke mwingine, walikuwa wakilicheka sana jambo hilo. Safari hii Mastura alichagua chumba cha mwisho kwenye orodha. Tarehe ya kufika aliandika Ijumaa. Tarehe ya kuondoka aliiacha wazi makusudi, aone kama fomu itamgomea, na fomu haikugoma.

Baada ya kulisoma lile jibu alilifuta ombi, akaizima kompyuta, akaenda kubandika wali. Mchana Shadya alirudi kutoka shule, akavua viatu, akasema hatakula. Ameshiba.

"Umekula wapi?" aliuliza mama yake.

"Kwa bibi. Kanipa mkate wa kumimina."

Mastura alicheka, maana bibi zake wote wawili mtoto huyu walikwisha kufa. Lakini alipomwinamia kumbusu alisikia pumzi yake inanukia iliki.

Kesho yake, Jumatano, ombi lilikuwa limerudi. Alilifuta tena, akafuta na faili zima, na alipowasha upya lilikuwa pale pale, jina la mwanawe limekaa sawasawa kwenye mstari wake, na chini yake pameongezwa maneno: "Anapenda mto laini au mgumu?" Feni ya kompyuta ilianza kuvuma, na kutoka kwenye matundu yake, palipozoea kutoka joto na vumbi, ilitoka harufu ya udi. Aliogopa. Aliogopa hasa, na hakuwa na mtu wa kumwambia ambaye asingemwona kachanganyikiwa kwa kutazama kioo kutwa.

Siku hiyo Shadya hakula, na Alhamisi hakula, na kila alipobembelezwa alijibu kwa upole kwamba ameshiba, ilhali mashavu yalikuwa yakibonyea na sare ya shule ikimpwaya mabegani, na Alhamisi hiyo adhuhuri mama yake alimkuta amekaa kitako sakafuni anapanga mkoba, mswaki, khanga ya kulalia, kandambili, kila kitu kimekunjwa vizuri kuliko alivyopata kumfundisha, na alipomuuliza anakwenda wapi mtoto alisema bibi atamfuata kesho baada ya alasiri, kitanda kiko tayari, na kwamba mama asilie kwani bibi ni mtu mwema, amekaa miaka mingi sana bila mgeni.

Ijumaa asubuhi Mastura alimwacha mtoto kwa jirani yake Ritha, akachukua bajaji hadi Raskazone. Tadeo alimsikiliza akiwa amesimama, na ile haraka yake yote ikamwisha. Alisema kwamba tangu juzi wageni wanalalamika kuna mtu anaburura kitanda chumba cha sita. Akaenda mwenyewe kumwita Bi Mwatumu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Uliliandika kwa mkono wako, jina la mtoto?"

"Kwa mkono wangu."

Bi Mwatumu akamweleza taratibu, akichunga sauti isipite ukuta. Huyo wa humo ndani hafukuzwi. Mashekhe walikwisha kuja wakasoma, wakachoka, wakaaga. Lakini ni mwenye adabu za watu wa zamani, na aliyeahidiwa mgeni kisha akanyimwa hivi hivi amevunjiwa heshima. Dawa ni kwenda kumtaka radhi ana kwa ana, kupokea kitakachoandaliwa, kumwombea mtoto udhuru, na kuaga.

"Na akitaka kukusindikiza," alisema Bi Mwatumu, "mwambie tuagane hapa hapa. Uyatamke hivyo hivyo, mwanangu. Usiongeze wala usipunguze."

Akamfungulia mlango.

Ndani palikuwa safi kuliko vyumba vyote alivyovipiga picha. Kulikuwa na kitanda kimoja, kifupi, cha urefu wa mtoto, shuka limenyooshwa na asumini zimemwagwa juu ya mto, na kando yake stuli yenye kikombe cha kahawa inayofuka moshi, na mlango ulipojifunga nyuma yake Mastura alibaki na mwanga wa zile mbao za dirisha tu, akisikia mtu mwingine anapumua karibu sana, pumzi ndefu za mtu aliyengoja, na sauti ya mwanamke mzee ikamkaribisha kwa jina lake na kumwambia anywe, naye akanywa mpaka kwenye machicha, kisha akapiga magoti akasema yote, kwamba alikosea, kwamba alikuwa akijaribu kazi tu, kwamba mtoto ni huyo huyo mmoja na hana mwingine, na kwamba yeye mama yake amekuja kwa niaba yake.

"Kwa hiyo mtoto haji," ilisema sauti.

"Haji. Niwie radhi, bibi."



"Radhi umepata," ilisema. "Haya, nikusindikize."

Kilichomtoka Mastura kilitokana na furaha, na kilitokana na jinsi alivyolelewa, jinsi kila mtoto wa watu huku kwetu anavyolelewa kumjibu mkubwa wake. "Usijisumbue, bibi," alisema.

"Si taabu, mwanangu."

Alipotoka nje hakukumbuka hata neno alilojibu. Tadeo alimwonyesha orodha ya maombi kwenye simu yake, na jina la Shadya halikuwamo. Bi Mwatumu alimuuliza kama alikataa kusindikizwa, akajibu kwamba alikataa, na aliamini hivyo. Kwenye bajaji harufu ya udi ilimfuata njia nzima, akadhani imeganda kwenye baibui.

Shadya aliomba ugali kabla hata hawajatoka kwa Ritha. Nyumbani alikula sahani mbili, kwa dagaa, akilamba vidole, na mama yake akamtazama huku machozi yanamtoka bila haya. Kisha Mastura akaitoa picha ya sita, akaliacha pengo lake lilivyo, akaenda uani kuosha vyombo. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa punde tu.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Mikono yake ilisimama ndani ya povu. Hapo ndipo aliposikia upya alichokisema kule chumbani, na akajua kwamba mwenyeji mwenye adabu, akiambiwa asijisumbue, ndipo huvaa viatu amsindikize mgeni.

"Hodi."

Alikimbia, lakini Shadya alikuwa karibu zaidi, na Shadya alifundishwa vizuri. "Karibu," aliitikia mtoto. "Shikamoo bibi."

Mastura alipofika sebuleni mlango ulikuwa wazi, kizingitini hapana mtu, na binti yake amekwisha kuvuta kiti cha mbele ya kompyuta na anakipangusa kwa kiganja.

"Mama, nimemuuliza atakaa mpaka lini," alisema. "Anasema tarehe uliiacha wazi."