Mnyororo wa Ng'ombe

Haya yalimpata rafiki yangu Lorna, na Lorna si mtu wa kutunga. Asubuhi hiyo alikwenda makumbusho ya mji wetu, hapa Kimberley, nchi ya kangaruu, kwa mara ya sita, kudai jambo lile lile: kibao kinachosema "Mnyororo wa ng'ombe" kiondolewe. Ng'ombe gani? Babu yake na wenzake saba walivishwa mnyororo ule shingoni na polisi wa kizungu, wakaswagwa jangwani majuma matatu.

"Mama, kamati bado haijakaa," alisema Trevor, msimamizi.

"Miaka minne haijakaa? Ina majipu?"

Trevor akampeleka stoo, chumba kisicho na dirisha. Mnyororo ulining'inia ukutani, pete zake tisa zote wazi. Akafungua daftari kuukuu la polisi lenye majina ya wafungwa wale.

"Leo nitawaenzi. Nitasoma majina yao."

"Usithubutu! Kwetu sisi wenyeji wa asili, marehemu hatajwi jina. Ukimwita, unamrudisha."

"Ni heshima tu, mama."

Akayasoma yote manane, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Alipomaliza, taa ikazimika.

Gizani zikasikika nyayo za miguu mitupu, zikiburuzwa kwa uchovu. Zikasimama ukutani. Ka! Chuma kikajifunga. Nyayo nyingine. Ka! Lorna alihesabu hadi nane, huku akilia kwa hasira.

Taa ikarudi. Pete nane zilikuwa zimefungwa. Ya tisa ilikuwa bado wazi, ikibembea polepole, na Trevor alikuwa anajikuna shingo.