Kofia ya Malkia wa Sheba

Ko-ko. Kimya. Ko-ko. Kimya.

Kisu cha Perrine kikasimama katikati ya kitunguu. Mkono ule aliujua: mapigo mawili, pumziko, mapigo mawili. Katika mji mzima wa Montabry, aliyepiga nyundo hivyo alikuwa mmoja tu: Anselme, fundi mawe, mchumba wake. Na sauti ilitoka kanisani.

"Hapana," alisema peke yake. "Asithubutu!"

Akatoka mbio na aproni yake kiunoni.

Juu ya mlango wa kanisa alisimama Malkia wa Sheba wa jiwe. Marehemu baba yake Perrine ndiye aliyemchonga, enzi za mfalme, akampa sura ya mkewe. Mama alifariki Perrine akiwa bado ananyonya. Sura nyingine ya mama yake hakuwa nayo. Sasa mfalme alikuwa amekatwa kichwa huko Paris, na Kamati ya mji ilikuwa imeamua kila taji lianguke. Kwa Kamati, malkia ni malkia, awe wa Ufaransa au wa Biblia.

Turubai lilikuwa limefunika jukwaa la mafundi. Nyuma yake nyundo ililia. Chini alisimama Goujet, muuza nyama na mkuu wa Kamati, mikono kiunoni.

"Anselme!"

Nyundo ikanyamaza. Kichwa chenye vumbi jeupe kikachungulia.

"Rudi nyumbani, mpenzi."

"Mpenzi nani? Niite raia, kama mnavyoitana siku hizi! Jana ulikula supu yangu sahani mbili, leo unamvunja mama yangu?"

Wanawake waliokuwa kisimani wakaacha ndoo zao.

"Amri ni amri, raia Perrine," alisema Goujet. "Angekataa yeye, ningepanda mimi na shoka langu."

"Wewe kauze utumbo!"

Watu wakacheka. Perrine hakucheka. Alivua pete, akaiweka kwenye ngazi ya jukwaa.

"Keshokutwa tulikuwa twende kwa meya tukaoane. Nenda peke yako, Anselme. Ukaoe nyundo."

Anselme aliitazama pete.

"Sawa. Lakini wewe ni binti wa fundi. Kabla hujaondoka, sikiliza kazi yangu."

"Nisikilize nini?"

"Sikiliza tu."

Ko-ko. Kimya. Ko-ko.

Tangu jikoni alikuwa anausikia mkono tu; hasira haikumwacha asikie kinachopigwa. Sasa akasikia. Jiwe la Montabry likigongwa hulia kama kengele ndogo. Hii ilikuwa sauti iliyoziba, kama mtu anagonga mkate wa juzi. Kipande kikadondoka miguuni pake. Akakiokota, akakibana ndani ya mfuko wa aproni. Kikawa unga.

Plasta!

Goujet alijua mifupa, mawe hakuyajua. Lakini angegundua, kichwa cha Anselme kingefuata cha mfalme.

"Mbona umenyamaza, raia?" Goujet aliuliza.

Perrine akavuta pumzi.

"Nachagua tusi! Msaliti wewe, Anselme! Mla supu usiye na shukrani! Pua kama tindo!"

Kule juu mabega ya Anselme yakatikisika. Watu wakadhani analia.

Jua lilipofika juu ya paa, turubai likashushwa. Sura ya mama ilikuwa palepale, macho yameinama kidogo, tabasamu halijaguswa. Kichwani, mahali pa taji, palikuwa na kofia ya wanamapinduzi, imekunjwa mbele na kupakwa rangi nyekundu.

"Huyu ni nani sasa?" Goujet alikunja uso.

"Uhuru, raia," alisema Anselme. "Si mnamchora hivyohivyo, na kofia yake?"

Goujet akaikazia macho sanamu, kisha akavua kofia yake mwenyewe.

"Uhuru mzuri. Ni kama namfahamu."

Perrine akaubana mfuko wa aproni.

"Kila mzalendo anamfahamu," Anselme akajibu.

Makofi yakapigwa. Uwanja ulipobaki mtupu, Perrine aliketi kwenye ngazi ya kanisa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uso wako hauna mlango, Perrine. Ningekuambia, ungekuja hapa unatabasamu, na Goujet angeuliza kwa nini."

"Ukaacha nikutukane mbele ya watu."

"Na ulitukana vizuri. Ila ile ya pua ilikuwa ya lazima?"

"Ile ilikuwa ya kweli."

Anselme akaiokota pete, akaifuta vumbi kwa shati.

"Nyundo imenikataa. Inasema nimeshachumbia."

Perrine akanyoosha kidole. Pete ikarudi mahali pake.

"Na taji?" alinong'ona.

"Lipo chini ya plasta, zima."

Kisha Anselme akavua kofia yake, akainua uso kwa yule mama wa jiwe.

"Mama mkwe, nisamehe kwa kofia. Siku watu watakapoacha kuogopa mataji ya mawe, nitapanda na ndoo ya maji, nikuoshe kichwa kwa mikono yangu mwenyewe, na wajukuu zako ndio watakaonishikia ngazi. Nakuahidi."