Nani Amepita Kwenye Maua?

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Wakonyo alikwenda kutazama mikarakara yake. Aliipanda nyuma ya nyumba yao kule Theta. Mumewe, Macharia, ndiye aliyesimamisha nguzo na kuvuta waya. Maua yalijaa tele, lakini yalianguka bila kuacha tunda.

"Mama Lynn, huu ni msimu wa pili," Macharia alisema. "Si tung'oe tu, tupande sukuma wiki?"

"Ng'oa basi," Wakonyo alijibu, akageuka ili mumewe asimwone akilia.

Macharia hakung'oa. Kesho yake alimleta Dianah, jirani yao anayefanya kazi kwenye maabara ya wadudu mjini Thika. Dianah alivaa glavu, akachuma maua machache na kuyatia kwenye vichupa safi.

"Unatafuta ugonjwa?" Wakonyo aliuliza.

"Hapana, mama. Natafuta wadudu waliopita hapa. Mdudu akitua kwenye ua, huacha mate, kinyesi au unywele mdogo sana. Ndani yake kuna DNA. Hiyo ni alama ya mwili, na kila aina ya mdudu ina yake. Maabarani tunaisoma."

"Hata kama mdudu mwenyewe ameshaenda?"

"Hata kama ameenda. Inatuonyesha ni aina gani zilipita, ila haituambii walikuwa wangapi."

Akachuma maua mengine kwa Gachau, ng'ambo ya barabara, ambaye mikarakara yake huzaa sana.

Majibu yalipotoka, Dianah alikuja, wakamkaribisha chai.

"Kwa Gachau kuna alama za aina nyingi, hata za nyuki wakubwa weusi," alisema. "Hapa kwenu tumepata nyuki wa asali na sisimizi. Lakini wale nyuki wakubwa weusi hatukuona alama yao. Na ua la karakara linawahitaji hao. Nyuki mdogo huchukua ule unga wa ua, yaani chavua, bila kuufikisha panapotakiwa."

"Wale wanaotoboa mbao?" Macharia aliuliza polepole.

"Hao hao."

"Ngai! Mimi ndiye huwaua! Nawapulizia dawa, naziba mashimo yao kwa simiti. Niliogopa watamwangushia Mama Lynn nyumba."

Wakonyo alitaka kukasirika. Akautazama ule uso wa mumewe, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kumbe ni kunipenda ndiko kumeninyima matunda!"

"Pakeni mbao za nyumba rangi, hawatazitoboa sana," Dianah alisema. "Wawekeeni magogo makavu karibu na mikarakara, wakae humo. Na msipulize dawa maua yakiwa wazi."

Macharia alipaka rangi mwenyewe. Akafunga magogo chini ya kibati kidogo, mvua isiyafikie. Mikarakara ilipochanua tena, nyuki weusi walikuja wakivuma, migongo imejaa unga wa manjano. Dianah alipima maua upya, na safari hii alama yao ilikuwepo.

Karakara ya kwanza ilipoiva, Wakonyo aliikata, akampa Macharia nusu iliyo kubwa. Nyuki mmoja mweusi akaja moja kwa moja kuelekea pale walipokaa. Macharia akasogeza kiti chake, akampisha.